Maji Aliyochemshiwa Afisa

Mgeni rasmi, umewahi kusikia maji yakijiongelesha? Njoo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, utege sikio kwenye Chemchemi ya kwa Masese. Utadhani ni mtoto anayeota. Karibu sana kijijini kwetu Tabaka, na ukae kwenye kile kiti chenye kitambaa cheupe.

Historia yetu

Sisi ni akina mama wasugua mawe. Wanaume huchonga vinyago vya kiboko na twiga kwa mawe laini, nasi tunasugua kwa msasa ndani ya karai la maji mpaka jiwe lilainike kama shavu la mtoto mchanga. Maji ya karai tulikuwa tunayamwaga pale pale, upande wa juu wa chemchemi. Kijito kikapita cheupe kama maziwa, nasi tukakiona kizuri.

Miaka minne iliyopita serikali ilimleta Maureen, afisa wa kupima maji, na chupa zake ndogo. Kila mwezi alikuja kuomba maji ya chemchemi. Nyanya Drusilla, huyu anayekusomea risala hii, aliona aibu kumpa mgeni maji mabichi. Akayachuja kwa leso, akayachemsha, akayapoza kidogo, akajaza chupa. Miezi mitano maabara ikasema maji ni safi. Miezi hiyo hiyo watoto wetu wakaharisha.

Siku moja Maureen alishika chupa, akashtuka. "Nyanya, mbona ni vuguvugu? Haya maji unayatoa wapi?"

"Kwa sufuria, mwanangu. Kwani mgeni hupewa ya mtoni?"

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaenda chemchemini mwenyewe, na majibu yalipotoka hakucheka tena. Kulikuwa na vumbi la mawe, na uchafu wa choo tulichokuwa tumejenga hapo juu.

Mafanikio

Alitusomea kanuni: hakuna choo, kuchimba wala kuosha mawe ndani ya hatua sitini kutoka chemchemi. Tulinung'unika, ndiyo, lakini tukahama na makarai yetu. Emily, mjukuu wa Nyanya, alimaliza muhula mzima bila kukosa shule. Kaa wadogo wamerudi chini ya mawe.

Changamoto

Sasa tunasikia kanuni itafutwa ili machimbo yasogee juu ya chemchemi. Maureen hajaonekana tangu Machi. Wakubwa wanasema macho yetu yanatosha kupima. Mgeni rasmi, macho yetu ndiyo yaliyoona maziwa.

Ombi

Karani wetu Haron ameandika hapa tuombe tangi la plastiki. "Mheshimiwa hupenda kitu cha kukatia utepe," alituambia. Lakini Nyanya Drusilla ameota mara tatu anamjazia Maureen chupa, na chupa haijai. Anaomba ruhusa aikunje karatasi hii, aseme kwa mdomo wake.

Baba, tangi sitaki. Ninachotaka ni hiki: kanuni iacheni ilivyo, na yule msichana wa chupa mturudishie. Mungu akupe usingizi mtamu na asubuhi yenye maji. Ni sisi, Akina Mama Wasugua Mawe wa kwa Masese, na safari hii tutampa mabichi.