Watu Saba Waliokuja Kumlilia Fundi Saa

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi saa na jiko la muuza kahawa tunayemwita Mjomba. Fundi saa tunamwita Marehemu, kwa sababu aliwahi kutangazwa redioni kuwa amefariki, na aliyemtangaza ni mpwa wake Mjomba. Kosa hilo ndilo lililomtoa binti huyo kwenye matangazo ya vifo likampandisha jukwaani. Siku hizi ni mwandishi wa habari siku za kazi na mchekeshaji mwisho wa wiki, mtandio kichwani huku na huko. Asubuhi ninayoisimulia, Mjomba alikuwa amemletea Marehemu barua kutoka kwake. Marehemu aliisoma mara mbili, akampa Wakili aisome kwa sauti. Wakili hakusomea sheria, ila aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi na hajapona tangu siku hiyo.

“Baba yangu Fundi, assalaam alaykum. Jumamosi natimiza miaka kumi na miwili ya kazi na ukumbi umejaa. Naomba ruhusa yako nisimulie ile siku. Ukikataa sitasimulia, na wala sitakununia. Nitasimulia habari za paka wetu, ingawa hazichekeshi. Jibu mpe Mjomba kabla ya alasiri.”

— Paka! akasema Profesa, ambaye kazi yake ni kuchora vibao vya maduka. Ukumbi mzima kwa ajili ya paka? Mtoto wa watu kaisha.

— Sijasema nimekataa, akasema Marehemu. Alikuwa amekumbatia saa ya ukutani ya mteja, mgeni aliyekaa mwisho wa ubao akisubiri.

Wakili: Hata ukikubali, ruhusa yako haina nguvu. Tangazo la kifo chako lilisomwa. La kukifuta lilisomwa lini?

Mjomba: Si walizungumza hewani, yeye na binti, mwenyewe akiwa mzima?

Wakili: Kuzungumza si kufuta. Kwa redio ile huyu bado amekufa, tena amekufa vizuri. Ruhusa waombwe warithi.

Marehemu: Mke wangu yuko nyumbani. Nenda kamwombe.

Wakili: Mjane.

Marehemu: Kamwite mjane uone kama utarudi na meno.

Waliocheka zaidi ni wale ambao hawakuoa. Nikakumbuka mahojiano yale. Fundi alikwenda redioni amefura, na binti, siku hizo hata mwaka kazini hajamaliza, badala ya kujificha akamwekea kipaza sauti. Akamuuliza, “Marehemu, hali yako?” Fundi, kwa mazoea tu, akajibu, “Alhamdulillahi, sijambo.” “Na huko ulikotoka, kuna foleni?” Mji mzima ukasimama kucheka.

Profesa: Mimi nasema alipanga. Mtu hawi maarufu kwa bahati. Alihitaji maiti mmoja mwenye sura ya kuchekesha.

Mjomba: Redioni sura inaonekana wapi, Profesa?

Profesa: Sauti yake ina sura. Tena alipanga tangu utotoni. Nani asiyekumbuka? Ana miaka tisa, kasimama juu ya kreti hapa hapa, anatusomea gazeti la jana, na habari zisizompendeza anazibadilisha. Nilishangilia ushindi wa timu yangu wiki nzima, kumbe tulifungwa!

Mjomba: Alikuona umenyong’onyea, akakuhurumia.

Wakili: Kwa hiyo anakiri kughushi tangu akiwa mdogo.

Mjomba: Hakupanga kitu. Kile kikaratasi cha tangazo kilifika redioni na majina matatu tu, jina la mtu mwenyewe, la baba na la babu. Mtaa haukusomeka. Akaona majina, akasema moyoni, huyu namjua, akaongeza mwenyewe “fundi saa, jirani na muuza kahawa”. Alilia siku tatu. Watu wakamwambia aache kazi, wengine wakasema mwanamke mwenye mtandio hawezi kusimama mbele za watu akawachekesha.

Profesa: Mimi nilisema hivyo. Sikatai.

Mjomba: Ulitaka auvue ndipo ucheke?

Profesa akanywa kahawa iliyokuwa imekwisha.

Wakili: Tukubali yote. Je, huyu akifa kweli kabla ya Jumamosi? Kichekesho kitakuwa habari. Atakuwa amemharibia binti kazi zote mbili kwa mpigo.

Profesa: Basi asilale. Tumlinde kwa zamu.

Wakili: Na asile samaki. Wana miiba.

Profesa: Asivuke barabara. Kibanda tukihamishie kwake, na saa zote zisimamishwe saa nne asubuhi, ili Jumamosi ifike yenyewe bila yeye kuzeeka.

— Nyamazeni! akasema Marehemu. Akaiweka saa ya mgeni mapajani. Mnajua kwa nini sijajibu? Si kuchekwa. Kuchekwa nimezoea, nakaa na nyinyi. Siku ile nilikuwa nimekwenda kutafuta vipuri. Nimerudi nakuta viti mlangoni kwangu. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikahesabu waliokuja. Watu saba.

Kikombe cha mtu kiligonga tofali.

Marehemu: Nimetengeneza saa za mji huu miaka thelathini. Watu saba. Binti nilimwambia siku ile ile, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, na hajamwambia mtu. Akisimulia vizuri, na anajua kusimulia, ukumbi mzima utaijua hesabu hiyo. Wewe Wakili hukuwepo.

Wakili: Nilikuwa natafuta uthibitisho.

Marehemu: Na katika hao saba, wawili siwajui hadi leo. Mama mmoja na kijana wa kiume. Walilia kuliko mke wangu. Nilipojitokeza wote walipiga kelele za furaha, isipokuwa hao. Waliniangalia kama nimewaibia. Wakaondoka bila hata salamu.

Profesa: Majini hao.

Wakili: Wadai.

Profesa: Majini wadai.

Yule mgeni mwenye saa akakohoa.

— Samahani wazee. Kile kikaratasi, kuna mtu alikipeleka. Yule aliyekufa kweli, mwenye majina kama ya Fundi, walikuja wangapi kwake?

Profesa aliangalia mikono yake yenye rangi. Mjomba aliinamisha birika juu ya kikombe cha Marehemu, yakatoka mashapo ya kahawa tu, na akaendelea kuishika hivyo hivyo imeinama. Miaka yote tumecheka kifo kile, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

Marehemu alichukua penseli ya Profesa, akaigeuza barua, akaandika nyuma yake taratibu, kama mtu anayefunga skrubu ndogo. Kisha akampa Wakili aikague.

“Mwanangu, simulia, na ile hesabu ya watu saba itaje. Lakini kabla hujawachekesha, lisome redioni lile tangazo upya, majina matatu matupu, bila fundi saa. Kuna mama alikosea nyumba ya msiba.”

Wakili aliisoma mpaka mwisho, akatafuta kasoro, kisha akamkabidhi Mjomba. Mjomba alivaa viatu na kuondoka nayo, na ilikuwa bado saa tano.