Bi Ummulkheir na Simu za "Utufutie Tu"

Kosa la wengi ni kudhani kwamba watu wakinyamazishwa mtandaoni, ni lazima intaneti ikatike nchi nzima na kila simu iwe jiwe. Hutokea, lakini ni kwa nadra. Hapa kwetu Pwani ya Kusini ya Kenya jambo hilo huja kwa simu moja ya adabu, saa za asubuhi: "Shikamoo mama, ile habari naomba utufutie tu." Kituoni kwetu aliyekuwa akizipokea simu hizo ni Bi Ummulkheir Suleiman, ambaye anastaafu Ijumaa tarehe 28 Agosti 2026, baada ya kuitumikia redio yetu ya jamii hapa Msambweni kwa miaka kumi na tisa.

Alitujia kutoka kazi ya ualimu, akapewa kusoma tanzia. Wengine huidharau kazi hiyo. Lakini tanzia ikikosewa mtaa, watu hufika wasikotakiwa. Mwenzetu mmoja aliwahi kusoma Mwabungo mahali pa Muhaka, na gari zima la waombolezaji likashuka penye harusi. Bi harusi mwenyewe alikuwa wa kwanza kulia. Tangu siku hiyo Bi Ummulkheir hakusoma tangazo kabla ya kumpigia mtu wa pale penye msiba na kuhakikisha.

Redio ilipofungua ukurasa wa Facebook, alikabidhiwa yeye, kwa hoja kwamba mwalimu hatishwi na kelele. Alijifunza mtandao kwa subira, kisha akatufundisha sisi. Mara moja intaneti ilikatika ofisini na Mahir, fundi wetu wa mitambo, akatangaza kwa sauti kuu kwamba serikali imetuzima. Bi Ummulkheir akamwuliza, "Bando umelipia, mwanangu?" Hakuwa amelipia. Lakini msimu wa mitihani programu ya Telegramu ilipogoma kufunguka huku mengine yote yakienda sawasawa, ni yeye aliyetueleza tofauti: vikikatika vyote, anza kukagua kwako, kikikatika kimoja kwa kila mtu, uliza nani amekifunga na kwa amri gani.

Udhaifu wetu sisi watu wa pwani aliujua vizuri. Ukitutisha tutabisha, lakini ukituomba kwa heshima hatujui kukataa. Mtu akishatanguliza shikamoo, twaona haya kumwuliza yeye ni nani. Hivyo habari nyingi za kweli zimefutwa katika kurasa na makundi ya wilaya hii bila amri ya mahakama, kwa sababu ya adabu tu. Bi Ummulkheir hakuiacha adabu. Aliifuata hadi mwisho wake. Alisema kwamba mgeni mwenye adabu hupiga hodi na kujitaja, na aombaye kitu hueleza sababu. Kwa hiyo kila aliyetaka jambo lifutwe aliulizwa jina lake, ofisi yake, na ni neno lipi lisilo la kweli.

Wala si kwamba alikuwa hafuti. Kijana mmoja alipomsingizia ukurasani mwenye duka wa Ukunda kwamba auza unga uliooza, Bi Ummulkheir alikwenda dukani, akaukuta unga mzima, akaondoa andiko lile na kuomba radhi hewani. Katiba yetu, Ibara ya 33, yampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Aliisoma redioni mara nyingi, na kila mara aliongeza kwamba haki ya jirani kutozuliwa nayo imo katika ibara hiyo hiyo.

Mwaka jana yakaja mambo ya Jumwa. Jumwa Ziro ni mkulima wa Mkongani, mama wa watoto wadogo. Aliweka kwenye ukurasa wetu picha ya maji mekundu yaliyotoka kwenye pampu ya kisima cha umma, akaandika kwamba watoto wanaharisha. Asubuhi simu ikalia.

"Shikamoo mama. Ile picha ya Mkongani utufutie tu, yatutia aibu."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Aa, mama nawe! Ni sisi wenyewe tu, wa hapa hapa."

"Hao 'sisi wenyewe' ni wengi. Haya, niambie, maji si mekundu?"

Simu ikakatwa. Baadaye Jumwa akaitwa kituo cha polisi, akaambiwa anasambaza uongo mtandaoni na kwamba sheria ina kifungo cha jela. Bi Ummulkheir alichukua tukutuku akaenda kuketi naye kwenye benchi. Mama mkwe wa Jumwa alikuwepo, akinung'unika: "Ungefuta, saa hizi ungekuwa jikoni kwako." Jumwa akanong'ona, "Bibi, nikifuta, yataisha?"

"Yataisha kwako," Bi Ummulkheir alimjibu. "Maji yatabaki."

Jumwa hakufuta. Bi Ummulkheir alimwomba askari aonyeshe neno la uongo ili lisahihishwe siku hiyo hiyo. Askari, mtu mwenye uso wa uchovu, aliitazama picha, akasema nyumbani kwake pia maji yana kutu, akawaruhusu waende. Hapakuwa na mashtaka. Mwezi uliofuata mabomba ya kisima yalibadilishwa.

Twaweza kuishia hapo tukapiga makofi, lakini Bi Ummulkheir hataki. Asema kazi hasa ya simu zile si kuondoa andiko lililopo. Ni kuyazuia yale ambayo bado hayajaandikwa. Watu wa Mkongani waliiona picha, wakampongeza Jumwa njiani kwa sauti ya chini. Chini ya picha yenyewe hakuna aliyetia neno. Alibaki peke yake. Tangu siku ile hajaandika tena. Majuzi zahanati ya huko ilikosa dawa, na sisi tulipata habari wagonjwa walipokwisha kurudishwa. Zamani Jumwa angekuwa ametuarifu asubuhi ile ile.

Ukurasa sasa ataushika Hanifa Kombe, aliyefunzwa na yeye na ambaye hana haya ya kuuliza jina. Bi Ummulkheir anarudi kwao Gazi. Dada yetu, asante kwa ukali wako wenye upole. Twakuombea afya njema, riziki ya halali, na usingizi wa adhuhuri ambao hapa hukuwahi kuupata.

Alipoulizwa tumpe zawadi gani ya kumuaga, alitujibu: "Leso ninazo. Msimwache Jumwa peke yake." Basi leo, fungua ukurasa wetu, itafute picha ya maji ya Mkongani, na uandike chini yake yale uliyoyaona kwa macho yako mwenyewe, pamoja na jina lako kamili.