Chomoa, Kisha Salimia

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Dunda! Asifiwe hata na nyie mliokaa karibu na mlango ili mtoke kabla ya sadaka. Nawafahamu, hicho kilikuwa kiti changu.

Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani: friji, pasi, feni, mashine za kufulia. Leo nayasema haya bila kigugumizi, lakini kabla ya ufundi huu sikuwa na kazi iliyodumu. Nilijifunza kushona, nikaacha. Nikasuka nywele, nikaacha. Nikauza chapati Kerege, nikaondoka jiko likiwaka. Kazi ikishaanza kunizoea, mwili unawasha, miguu inadai njia. Nilifunga, nikaombewa, nikawekewa mikono, na Jumatatu yake niko kituoni na begi. Watu wakaniita Kiguu na Njia. Nilicheka nao, lakini iliniuma sana, maana umri ulikwenda na sikujua kitu hata kimoja hadi mwisho wake.

Mzee Shomari alinipokea kwenye banda lake la ufundi kwa sababu moja tu. Yeye ni Mwislamu wa hapa hapa mjini, na wateja wake wengi ni akina mama. Mume akiwa safarini, fundi mwanamume anaishia barazani, na friji liko jikoni. Alihitaji fundi mwanamke. Akaniambia mapema, "Nitakufundisha, lakini ukiondoka sikutafuti."

Kanuni yake ya kwanza ilinitesa kuliko zote: chomoa, kisha salimia. Mnazijua salamu za kwetu. Mzee anachomoa waya ukutani, anakaa, anauliza watoto, wazee, wagonjwa, watu wa shamba, ndipo anashika bisibisi. Mimi nimesimama nachezesha mguu, moyoni nasema mzee huyu ananimalizia maisha. Sababu alinieleza. Vyombo vingine hubaki na umeme tumboni hata vikichomolewa, kwa hiyo vipe muda, na hata ukivipa muda, pima kabla ya kugusa. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku moja akanituma peke yangu kwa Bi. Mwanahawa, ambaye maikrowevu yake ilikuwa haipashi. Nikiimaliza vizuri, kazi zote za majumbani zinakuwa zangu. Nikavua kandambili mlangoni, nikachomoa waya. Bi. Mwanahawa akaanza, "Karibu mwanangu, umeshindaje, wa nyumbani hawajambo?" Nikamkatisha, "Wazima wote, bibi." Nikafungua kifuniko, sikupima, nikaingiza mkono.

Ndugu zangu, niliona ukuta unanijia. Nikajikuta sakafuni, mkono haunitii, bibi wa watu analia, "Yarabi, mtoto wa wenyewe!" Yesu aliushika moyo wangu usisimame. Mafundi wamekufa kwa kitu hicho hicho! Na mimi, badala ya kushukuru, nilipopata pumzi nilikimbia peku. Nikapanda bodaboda hadi Kerege, nikasimama barabarani kungoja gari lolote la kwenda popote.

Magari yalipita, sikupanda hata moja. Nikasema, "Bwana, nimechoka kuondoka." Sala yangu yote ilikuwa hiyo.

Mara yule bodaboda akarudi, amempakia Mzee Shomari mwenye kandambili zangu mkononi. Nikajua nitagombezwa. Aliziweka miguuni pangu, akakaa kwenye benchi la muuza mihogo, akaanza.

"Umeshindaje, mwanangu?"

"Salama."

"Mkono?"

"Unauma."

"Mama yako huko Fukayosi hajambo?"

"Hajambo."

"Mihogo yake imetoka vizuri mwaka huu?"

Akaendelea bila haraka, nami nikamjibu moja moja. Gari la Dar likaja, likapiga honi, likaondoka, na mimi niko katikati ya habari za nguruwe pori walioingia shambani kwa mama. Ndipo nikalia. Hofu ilinitoka pale pale, na kile kilichokuwa kinanifukuza tangu usichana kikaishiwa nguvu. Nilizoea kumngoja Mungu kwenye mikesha, akanikuta kwa Mwislamu anayeuliza mihogo! Mzee akasema, "Twende kwanza hospitali wakuangalie. Ukipona utaimalizia kazi ya Bi. Mwanahawa." Nilipona, nikaimaliza.

Sitawadanganya kwamba nimetulia. Mguu huu unacheza hata sasa, mchungaji anauona. Asubuhi nyingine naamka njia inaniita kwa jina, nami nashika mfuko wa vifaa nakwenda bandani huku nanung'unika. Lakini nakwenda.

Nawe unayetaka kuinuka sasa hivi, kaa kidogo. Mwambie Bwana umechoka, hata kama huna maneno mengine. Anatosha, mtegemee.

Mama yangu yuko hapa leo, ametoka Fukayosi. Miaka yote hiyo akinipigia simu alianza na, "Uko wapi sasa?" Juzi amenipigia, akauliza, "Umepika nini?" Nilikuwa nimepika maharage, ndugu zangu, na nilimjibu huku nalia. Jina la Bwana litukuzwe.