Mzee Mlango, Fundi Rangi wa Manowari

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake marehemu, wa nyuma wasogee, habari yenyewe si ndefu. Anayewasomea ni dada yake, aliyemfuata kuzaliwa. Mjane ameniagiza hivi: "Soma yote, wifi, na usinipambie." Basi sitapamba.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 11 mwezi wa pili, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa mpiga chapa na mshona magunia. Alikuwa mtulivu kupita kiasi. Mama yetu alizoea kusema, huyu ukimweka pembeni asubuhi, jioni utamkuta pembeni. Majirani walidhani ni mgonjwa, kumbe ndivyo alivyoumbwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na stesheni ya treni, akaishia darasa la nane. Hesabu zilimpiga chenga toka mwanzo hadi mwisho. Alipofika miaka kumi na mitano mjomba wetu, fundi rangi, alimchukua akamfunze kazi. Miaka miwili mizima hakumpa brashi, alimpa msasa tu, asugue. Mjomba alikuwa na sheria moja ambayo hata sisi wasichana tuliijua kwa kuisikia mezani: mlango ukishapakwa haufungwi, mpaka aliyeupaka arudi aushike kwa kidole chake mwenyewe. Ukifungwa rangi ikiwa mbichi unagandana na fremu, na siku ukifunguliwa kazi yote inabanduka. Fundi wa watu anaumbuka.

Akiwa na miaka ishirini na minne aliajiriwa kwenye karakana ya bandari ya manowari. Huko alikaa miaka saba, na hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yake. Aliipenda ile rangi ya kijivu. Alikuwa mfupi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, akipita mahali ambapo wenzake walikwama, kwa hiyo akapewa vyumba vya chini kabisa. Kazi yake ilikuwa ile milango mizito ya chuma inayofungwa ili maji yakiingia chumba kimoja yasipite kwenda kingine.

Mwaka ule wa kwanza wa vita, vita vyenyewe vilikuwa vya kwenye redio. Vilikuwa mbali. Manowari zote zilikuwa zimeegeshwa bandarini, ubavu kwa ubavu, zinapakwa rangi upya kwa sababu Jumanne mkuu wao angekuja kukagua. Ijumaa jioni, tarehe 4 mwezi wa nane, marehemu alimaliza milango ya chini ya meli ya tatu kutoka gatini. Huko chini kulikuwa na unyevu, rangi haikauki upesi. Akawaambia mabaharia, "Milango hii asiifunge mtu mpaka nirudi Jumatatu niishike." Wakubwa wao wakakubali, maana nani anataka milango iliyobanduka siku ya ukaguzi? Akaosha brashi zake akaenda zake nyumbani.

Jumapili asubuhi ndege za adui zilikuja. Marehemu alikuwa kwa kinyozi, kichwa nusu kimenyolewa. Alidhani wanapasua mawe kule machimboni. Akakimbia na kitambaa cha kinyozi shingoni mpaka getini. Meli ya tatu ilikuwa imelala ubavu. Aliwahi kuniambia kwamba pale getini hakusikia kitu, wala mlio wala mayowe. Aliona rangi tu. Ilikuwa safi, haina hata alama ya brashi.

Waliookoka walisema milango ya chini ilikuwa wazi yote. Wengine wakasema ingefungwa, meli ingechelewa kuzama na watu wangepata kutoka. Walisema hivyo, hakuna ajuaye. Tume ikaketi, ikaandika yake, ikasema aliyeua ni adui. Ni kweli, ni adui. Fundi rangi hakuitwa, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwisho wa mwezi aliacha kazi ya bandarini.

Tangu hapo alipaka nyumba, shule, hospitali. Kuta, dari, madirisha. Mlango alikuwa hagusi. Mwalimu mkuu mmoja alimwambia, "Fundi, umesahau milango." Akajibu, "Sijasahau," akakunja ngazi yake. Hata nyumbani kwake milango ni mbao tupu mpaka leo, mmeiona wenyewe mlipopita. Majirani walimcheka: kweli, kinyozi hajinyoi! Naye alicheka nao. Ila ukiingia kwake, kabla hujasalimia, utasikia, "Mlango!" Ndipo watoto wa mtaa wakambandika jina, Mzee Mlango. Kila mtu akishalala, yeye alizunguka akifunga nyumba nzima, mpaka kabati za jikoni. Sisi tukasema ni uzee. Hakuwa hata na miaka arobaini.

Ndoa yake ilianzia msibani. Siku zile za maombolezo alikwenda kutoa pole nyumbani kwa baharia mmoja wa meli ya tatu. Akaona ukuta wa jiko umeshika masizi, kesho yake akarudi na ndoo ya rangi. Dada wa baharia huyo ndiye aliyempa maji ya kunywa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 mwezi wa tano, walioana. Wakajaliwa watoto watatu. Waliishi pamoja miaka arobaini na mitano, na sijapata kuwasikia wakigombana kwa sauti. Hilo nilidhani ni jambo zuri.

Mwanzoni mwa mwaka huu mapafu yake yalichoka. Daktari alisema ni vumbi la msasa na moshi wa rangi, na kwamba kilichobaki ni kumtunza. Tulimtunza. Alasiri moja nilikuwa chumbani kwake nikimmenyea chungwa, wifi yangu anakunja shuka, marehemu akasema tu, kama mtu anayeuliza saa:

"Mama, ile meli ya kaka yako, milango niliipaka mimi."

Wifi hakuacha kukunja. "Najua."

"Nilisema wasifunge mpaka nirudi."

"Najua, baba. Kaka alikuja kula kwetu Jumamosi ile. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, kuna fundi rangi mmoja kule, njiti ya kiberiti, anatufokea kuliko nahodha, eti tukigusa milango yake atatukata vidole. Ulipokuja msibani na ndoo yako, nilikujua kabla hujakaa."

Mimi chungwa lilikuwa mkononi, sijui nilifanyeje.

"Na bado ukanikubali?"

"Nilikuonea huruma. Nikadhani inatosha. Mwaka wa kwanza nilikuchukia sana, hasa ukiwa umelala. Halafu mtoto akaja, nikakosa nafasi."

"Sasa je? Umenisamehe?"

Wifi aliiweka shuka juu ya nyingine, akazilinganisha ncha. "Sijui," akasema. "Nikijua nitakuambia."

Marehemu hakumuuliza tena. Kila siku alimtazama akiingia na kila siku alimtazama akitoka, akingoja, na hilo jamani lilikuwa gumu kuliangalia. Aliaga dunia Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, kitandani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Wifi alikuwa dukani akinunua sukari.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, ambao ni fundi umeme, muuguzi na kitinda mimba aliyerithi brashi, wajukuu saba, na sisi ndugu zake wawili tuliobaki. Familia inawashukuru wauguzi, majirani, na mafundi rangi wote waliofika na ovaroli zao.

Yanayofuata hayamo katika karatasi mlizoshika, kwa kuwa yametokea leo asubuhi.

Jana wifi alitoa stoo kopo la rangi ya kijivu, akalipaka jeneza peke yake, kingo zote mpaka ndani ya kifuniko. Hatukumwuliza. Leo seremala alipofika akashika, akajifuta kidole kwenye suruali. Akasema, "Mama, rangi bado mbichi. Tukifunga sasa kifuniko kitagandana, hakitafunguka tena. Tungoje kidogo."

Wifi alisogea. Akabonyeza ukingo kwa kidole, alama ikabaki. Akamtazama mumewe pale ndani, akamwambia kwa sauti ya kawaida, ile ya kila siku, "Baba watoto, nimejua. Yameisha." Kisha akamgeukia seremala.

"Aliyepaka ni mimi, na nimerudi. Fungeni."

Tukafunga. Kaka yetu na apumzike sasa.