Namba Kumi na Nne, Kuhesabu Kutoka Stesheni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamzungumzia mwanamke aliyefundisha jiografia mpaka alipostaafu, kisha akatumia uzee wake kutafuta historia ya jengo moja. Jengo hilo halipo tena. Yeye alizikwa juma lililopita.

Wanafunzi wake walimwita Skeli. Hata umchoree ramani nzuri kiasi gani, kama hukuandika skeli, alikurudishia bila kuisahihisha. "Hii ni picha," alisema. "Ramani iko wapi?" Wako watu wazima katika mji huu, wenye vyeo vyao, ambao mpaka leo wakichora njia ya kwenda nyumbani kwao kwenye kipande cha karatasi, wanaweka skeli.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja, katika mtaa unaoanzia stesheni ya reli na kuishia sokoni. Chini kulikuwa na fundi viatu na kinyozi. Juu kulikuwa na vyumba vya kupanga. Katika chumba kimoja alikaa mdogo wake Mwalimu, mjane, fundi cherehani wa sare za shule. Cherehani yake ilikaa dirishani, kwa sababu mwanga wa dirisha lile ulikuwa mzuri kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mlangoni mwa jengo palikuwa na kibao cha namba. Namba kumi na nne. Ishikeni namba hiyo, wasikilizaji. Kumi na nne.

Jengo liliuzwa, na mmiliki mpya akataka kulibomoa. Sheria ya halmashauri inasema kwamba jengo lililowahi kutumika zamani kwa elimu au matibabu linaweza kulindwa. Lakini lazima uthibitishe, kwa nyaraka. Na maombi yakishapokelewa, hakuna tofali linaloguswa mpaka baraza liamue.

Binti wa fundi, ambaye ni muuguzi, alikuwapo mama yake alipokwenda kuomba msaada.

"Mama alisema, 'Dada, wewe ndiye msomi wetu. Nitafutie chochote. Hata kama kuna daktari aliwahi kupita pale kuomba maji, nitafutie.' Mama Mkubwa akamjibu, 'Mimi sitafuti chochote. Natafuta kilichopo.' Mama akasema, 'Haya, tafuta kilichopo. Lakini kiwepo.'"

Hivyo ndivyo alivyoanza: akapeleka maombi kwanza, kisha akaingia kutafuta nyaraka. Ilimchukua miaka mitatu.

Nyaraka za halmashauri ziko chumba cha chini, chini ya ukumbi wa mikutano. Bomba la maji linapita darini, na harufu ya unyevu inakupokea kabla ya mtunza nyaraka. Kalamu ya wino hairuhusiwi. Mwalimu alikwenda na penseli zake, na mto wa kukalia.

"Nilimwambia, Mwalimu, si ulete na kitanda kabisa?" anasema mtunza nyaraka. "Akaniambia, 'Nitakileta ukishafuta vumbi.' Na kweli nikafuta. Nilikuwa sijafuta tangu niajiriwe."

Alisoma vitabu vya kodi ya majengo, mwaka baada ya mwaka, akifuata namba kumi na nne. Akakuta kwamba katika namba kumi na nne aliishi mkunga, na kwamba mkunga huyo alifundisha wasichana kazi ya ukunga humo humo. Lilikuwa darasa la kwanza la wakunga katika mji huu. Akapata na ramani ya ujenzi. Ghorofa moja, vyumba vya juu, tangi la maji la matofali chini ya uwanja wa nyuma. Uwanja wa kwa mdogo wake ulikuwa umeshamwagiwa saruji, tangi lisingeweza kuonekana. Kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa kimoja. Kwenye ramani, ngazi zilikuwa kushoto. Katika jengo la mdogo wake, ngazi zilikuwa kulia.

Hapa ndipo Mwalimu alipokosea, na alikosea kwa sababu ya ujuzi wake. Zamani ramani zilinakiliwa kwenye karatasi angavu. Ukiigeuza karatasi ile, kushoto kunakuwa kulia, na maandishi yakiongezwa baadaye hutagundua. Alikuwa ameliona kosa hilo mara nyingi. Basi akaandika kwenye taarifa yake: nakala imegeuzwa. Akaendelea.

Halmashauri ikaipokea taarifa na kupanga siku ya baraza. Mtaani watu walianza kupumua. Fundi viatu alimvua Mwalimu viatu akavisugua mpaka vikang'aa. "Kwako bure, Mwalimu," alimwambia. "Lakini tukishindwa, navirudisha vilivyokuwa."

Siku chache kabla ya baraza, Mwalimu alikuwa anatembea kuelekea stesheni. Upande ule kuna kituo cha mafuta. Wafanyakazi walikuwa wanachimba shimo la tangi jipya, na watu walikuwa wamejazana kutazama. Sululu zilikuwa zimegonga matofali. Tangi la maji, la mviringo, lenye kuba na pete ya chuma juu. Mwalimu aliomba futi kwa msimamizi, akashuka shimoni na viatu vyake vilivyong'arishwa, akapima.

Vipimo vilikuwa vile vile vya kwenye ramani.

"Hapa palikuwa na nini?" aliuliza.

"Ghorofa ya zamani, mama. Walibomoa kabla sijazaliwa."

Alirudi chumba cha nyaraka, akaomba mihtasari ya vikao vya halmashauri. Akaipata. Kuna mwaka ambao namba za mtaa zilibadilishwa. Mwanzo zilihesabiwa kutoka stesheni. Baadaye zikahesabiwa kutoka sokoni. Narudia, wasikilizaji. Jengo la mkunga lilikuwa la kumi na nne kutoka stesheni, na limeshabomolewa siku nyingi. Jengo la mdogo wake lilikuwa la kumi na nne kutoka sokoni. Kwa miaka mitatu Mwalimu alikuwa ameandika, kwa usahihi kabisa, historia ya kituo cha mafuta. Ngazi zilikuwa zimemwambia tangu siku ya kwanza.

"Nilimwambia, Mwalimu, hili tunalijua mimi na wewe," anasema mtunza nyaraka. "Hiki kitabu nakirudisha kwenye rafu, hakuna atakayekiomba tena mpaka Kiyama. Akanitazama kama mtoto aliyemkamata na majibu ya mtihani soksini."

Jioni ile alikwenda kwa mdogo wake. Muuguzi anakumbuka.

"Mama aliuliza, 'Nani anajua?' Mama Mkubwa akasema, 'Mimi najua.' Mama akapiga kelele. 'Nakuuliza nani anajua, unaniambia wewe! Wewe si mtu wa kujua, wewe ni dada yangu!' Kisha akasema polepole, 'Dada, kaa tu. Hutasema uongo. Taarifa wanayo. Wewe kaa kimya tu.' Mama Mkubwa akasema, 'Jina langu liko chini ya ile taarifa.' Mama akamwambia, 'Na mimi niko ndani ya lile jengo.'"

Siku ya baraza, Mwalimu alisimama. Alieleza namba zilivyobadilishwa. Aliondoa taarifa yake, ambayo ndiyo iliyobeba maombi. Aliomba muda atafute upya, chini ya namba sahihi, ambayo kwa hesabu ya zamani ilikuwa thelathini na moja. Mwenyekiti alimshukuru kwa ukweli wake, akasema maombi yakishaondolewa hakuna tena cha kuongezewa muda.

Jengo lilibomolewa mwezi huo huo. Fundi cherehani alihamia chumba cha uani, mbali na shule zote, chenye dirisha linalotazama ukuta. Anawasha taa mchana. Wateja wengi hawakumfuata. Na hakuzungumza tena na dada yake.

Mwalimu akarudi chumba cha nyaraka. Faili la namba thelathini na moja lilikuwapo. Lakini lilikaa chini ya lile bomba, na bomba lilikuwa limevuja kwa miaka mingi. Karatasi zilikuwa zimegandamana, ngumu kama kipande cha ubao. Alizibandua moja moja kwa kisu butu cha mfupa, akiweka karatasi ya kunyonya maji kati ya kila mbili, akisubiri, akijaribu tena. Nyingi zilichanika. Zilizosalimika zilikuwa na madoa ya zambarau mahali palipokuwa na maandishi. Alipata kibali cha kuezeka upya paa. Alipata lalamiko la jirani kuhusu moshi. Basi.

"Nilimuuliza, Mama Mkubwa, jengo limeshakuwa kifusi, unatafuta nini?" anasema muuguzi. "Akasema, 'Kama lilikuwa nyumba ya kawaida, basi kama ningenyamaza ningekuwa nimeiba. Kama lilistahili kulindwa, basi nimemtoa mama yako mahali alipokuwa na haki. Nataka kujua ni lipi.'"

Hakujua. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na sehemu kubwa ya faili haijafunguka. Tuliwauliza watu wa halmashauri. Walitujibu kwamba nyaraka zilizoharibika kiasi hicho zitateketezwa mwisho wa mwaka. Mtunza nyaraka anasema hana mtu mwingine wa kuzibandua, na macho yake mwenyewe hayawezi.

Mdogo wake alikuja mazikoni. Alisimama nyuma. Tulipomwomba neno, alisema hivi, na hakuongeza: "Kila mtu ananiambia dada yako alikuwa mkweli. Najua. Mimi ndiye niliyehama."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaofanya kazi hapa studioni, tunampa pole fundi cherehani, tunampa pole binti yake, na tunawapa pole waliosomeshwa na Mwalimu Skeli popote walipo. Mungu ampumzishe.

Tunawaomba mfikiri jambo moja. Siku ile barazani, ungetaka asimame, au akae? Usinijibu mimi. Jibu lako, lolote lile, jaribu kwanza kulisema ukiwa umesimama mlangoni mwa kile chumba cha uani, mdogo wake akiwa ameinamia cherehani, taa ikiwaka saa sita mchana.