Kisweta cha Mitumba

Kwenye pikapu ya kutoka Matombo, bibi mmoja alimtandikia mkwewe Mwanvita kisweta cha mtoto mapajani. "Nguo zilikuwa hazipatikani, sasa mitumba imejaa sokoni. Kisingizio gani tena cha kutozaa?"

Mwanvita hakukigusa. "Mama, mimi na mwanao Kondo tumekubaliana hatuzai. Halafu kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Unanidai mtu wa ukoo wangu?"

Abiria wote tulicheka, hata mimi niliyekuwa nikivuta tasbihi. Bibi hakucheka. "Ukoo chukua wewe. Mimi nataka wa kumbeba mgongoni."

Gari likasimama Bigwa. Mkamwana hamwachii mama mkwe mzigo. Mwanvita akashuka na mkungu wa ndizi wa bibi kichwani, na kisweta mkononi.