Nilivyofunguliwa kutoka kwa Mashine ya Shelui

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, yeye aliyeniamsha leo nikiwa na sauti ya kumshukuru. Naitwa Raheli. Ni mzaliwa wa Sepuka, nimeolewa hapa Shelui, na kazi yangu ni cherehani. Wengi wenu mmevaa nguo nilizoshona. Leo naomba msikilize neno ambalo wachache wenu mnalijua.

Mnaikumbuka miaka ile ya ruksa, vitu vilipoanza kuingia. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, mara maduka yakajaa. Mitumba ikaja, redio za kaseti zikaja, vitenge vya kila rangi. Mimi tangu utoto nina moyo wa kudadisi. Kitu kigeni kikitua, situlii mpaka nijue kinafanyaje kazi. Hivyo Bwana Kitundu, mwenye hoteli pale malori yanapoegesha, alipoleta mashine ya gemu kutoka Mwanza, nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kwenda kuiangalia.

Ilikuwa sanduku refu kama kabati, lina kioo cha televisheni na vifimbo vya kushika. Mchana Kitundu aliwasha jenereta, kioo kikawaka, akatokea mtu mdogo mwenye taa mkononi akipita kwenye mapango. Unamwongoza aruke mashimo, aepuke popo na nyoka, mpaka afike kwenye lango jekundu. Siku za kwanza Kitundu hakutoza chochote. Alisema, "Karibuni mjaribu, shemeji. Kuonja ni bure."

Tulionja. Nilipofika mbele ya lile lango mara ya kwanza, popo akanipiga nikafa. Swali likanikaa kichwani: nyuma ya lango kuna nini?

Juma lililofuata bure ikaisha. Zikaja sarafu za mashine, za shaba, zenye tundu katikati, nazo zilipatikana kwa Kitundu peke yake. Ukifa, kioo kinaanza kuhesabu kurudi nyuma, na kila namba inalia kama mtu anayekuita. Ukitia sarafu kabla ya sifuri, unaendelea pale pale ulipoangukia. Usipotia, unarudi mwanzo kabisa na jasho lako lote limepotea. Ndugu zangu, zile namba ndizo zilizonifunga. Mchezo wenyewe ningeuacha. Lakini nani atakaa anatazama kazi yake inafutwa, na sarafu ndogo tu ingeiokoa?

Baadaye Kitundu akaacha kuuza sarafu moja moja. Aliziuza kwa kifungu. Mchezo ukiisha unabaki na moja au mbili mfukoni, na sarafu ile hainunui hata chumvi. Kwa hiyo unarudi kesho uitumie, na ukishaitumia unakuta haikutosha, bado kidogo tu ufike, unanunua kifungu kingine. Niliona jambo hilo. Nilijiuliza ni nani alilifikiria, maana lilikuwa na akili. Lakini kuliona hakukunitoa.

Mume wangu, Yona, aliniuliza siku moja tukivuna alizeti, "Raheli, pale unakwenda kutafuta nini?" Nikamwambia, "Nataka kuona mwisho tu, halafu basi." Nilisema kweli. Nawaambia hata kitu cha aibu: niliwahi kupiga magoti nikamwomba Mungu anisaidie kulivuka lile lango. Nikaomba kwa machozi.

Basi mdogo wangu Damari akapata mchumba kule Sepuka. Kitambaa cha gauni la harusi alikipata kwa shida, cheupe, chepesi, kutoka kwa mjomba aliyesafiri mbali. Akaniletea mimi nishone. Nilishona kwa upendo. Siku aliyokuwa anakuja kulijaribu, nilikuwa nalipiga pasi ya mkaa, na jenereta ikawaka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa na sarafu moja mfukoni. Nikaiweka pasi pembeni, nilidhani pembeni, nikavuka barabara.

Nilirudi nikakuta moshi na mtu amesimama mlangoni. Alikuwa Damari. Pasi ilikuwa imeangukia gauni, imetoboa sketi mbele, tundu la kahawia lenye umbo la pasi yenyewe.

Nilisubiri anipige. Nilisubiri alie. Alilishika lile gauni, akaligeuza huku na huku, akakaa. Kisha akaniuliza kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Dada, kule kuna nini?"

Nikasema, "Sijui. Bado sijafika."

"Basi twende unionyeshe."

Nilishangaa, lakini alikwisha kusimama. Tukavuka barabara pamoja. Tulipoingia tukakuta mashine imezimwa na mgongo wake uko wazi. Ilikuwa imekwama mara tu nilipoondoka, na kwa bahati fundi Ramadhani wa Nzega, anayetengeneza redio, alikuwa hotelini anasubiri gari. Damari akamwamkia, akauliza bila kuficha, "Fundi, mtu akilivuka lango jekundu anaona nini?"

Ramadhani akacheka kidogo. "Mnataka kuona?"

Kitundu akasema, "Fundi, tengeneza tu."

"Si lazima niijaribu kama imepona?" Akagusa kitu kule ndani, akawasha. Akatuambia sasa haitadai sarafu, na tukifa tutaendelea. Damari akashika vifimbo, hajui chochote, anakufa na kufufuka, na mimi namwelekeza. Tukafika langoni. Popo wakaja. Tukapita.

Lango likafunguka. Muziki ukapigwa. Yule mtu mdogo akainua taa yake juu. Halafu kioo kikawa cheusi, na akatokea tena kwenye pango la kwanza, mashimo yale yale, nyoka wale wale, ila sasa wanakwenda mbio zaidi.

Nikauliza, "Imeharibika?"

"Hapana, dada," Ramadhani akasema. "Ndivyo ilivyo. Inazunguka." Akatuita nyuma, akatuonyesha vijiswichi vidogo kama punje za mtama vimepangwa mstari. "Hivi ndivyo vinapanga ugumu. Safari iliyopita mwenyewe aliniagiza niviweke juu, ili sarafu moja isimfikishe mtu mbali."

Nikamgeukia Kitundu. Miezi yote ile nilidhani vidole vyangu ndivyo vizito. Yeye hakukana. Alisema, "Shemeji, ni biashara. Mimi simlazimishi mtu." Na ni kweli, ndugu zangu, hakunilazimisha. Sina kinyongo naye hata leo.

Ningependa kuwaambia kwamba pale pale nilifunguliwa. Haikuwa hivyo. Kesho yake jenereta ilipolia, miguu yangu ilisimama yenyewe, na nilikuwa nimeona kwa macho kwamba mwisho hakuna kitu. Hapo ndipo nilipoogopa. Kujua kumbe hakutoshi. Nikamwambia Damari, "Nishike." Akanishika mkono, akaomba kwa maneno machache: "Baba, huyu ni dada yangu, namtaka arudi." Kisha akaniwekea gauni magotini.

Tukaanza kulitazama lile tundu. Nikadadisi: nikikata hapa, nikavuta hapa, nikaweka marinda kutoka kiunoni, itakuwaje? Nikafumua, nikajaribu, nikafumua tena. Damari alikaa nami siku zote hizo akiimba. Na alasiri moja nikainua kichwa nikasikia kimya, nikauliza, "Leo Kitundu hakuwasha?"

Damari akasema, "Aliwasha mchana, dada. Amezima sasa hivi."

Sikuwa nimeisikia. Mashine yenye kelele ile, ng'ambo ya barabara tu, na sikuisikia. Niliweka sindano chini nikalia, maana nilijua mkono wa Mungu umepita pale bila mimi kuutia sarafu.

Damari aliolewa na gauni lenye marinda, na wanawake wa Sepuka wakataka kujua mtindo ule umetoka wapi.

Wapendwa, Bwana hakuniondolea udadisi wangu. Bado nafungua kila kitu nione ndani. Lakini sasa, kitu kikiniita, kwanza namuuliza Bwana, ni nani anayeita na anataka nini kwangu. Hajawahi kuninyima jibu, na hajawahi kunirudisha mwanzo kwa sababu nimeanguka.

Kama kuna kitu kinakuita leo, na umekwisha kujua hakina kitu na bado unakwenda, usikae peke yako nacho. Mwamini Yesu, na utafute mtu wa kukushika mkono. Mimi nakaa upande wa akina mama, karibu na dirisha. Ibada ikiisha sitaondoka haraka. Njoo, tutaomba.